Bureti Inapopunguza Mwendo: Kasi ya Kuoksidisha Nyuzi za Selulosi

(Hotuba kwa walimu wa kemia na wanafunzi wao. Naiweka yote hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha za ukutani nimeziacha.)

Wakubwa zangu, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo? Wale mliosimama kule nyuma, viti bado vipo huku mbele, msiogope kukaa karibu na mzungumzaji.

Naomba kila mtu ashike kitu cha pamba alichovaa. Shati, kanga, leso, chochote. Mmeshika? Hiyo ni selulosi, karibu tupu. Mfaransa Anselme Payen aliitenga kutoka kwenye mimea mwaka 1838. Ni mnyororo mrefu wa glukosi, mamia hadi maelfu ya glukosi zimeshikana moja baada ya nyingine, na kila moja imebeba hidroksili tatu, yaani vikundi vya oksijeni na hidrojeni: moja kwenye kaboni ya pili, moja kwenye ya tatu, moja kwenye ya sita.

Sasa, nikimwagia shati hilo jiki, nini kinatokea? Doa linatoka. Nikizidisha? Rangi inatoka. Nikizidisha tena na kuliacha usiku kucha? Asubuhi linachanika mikononi. Kwa nini? Kwa sababu jiki peke yake haichagui. Inauma kaboni yoyote iliyo mbele yake, na mwisho inakata mnyororo wenyewe. Kuoksidisha kwa kuchagua ni kuiambia kemikali: gusa kaboni ya sita, nyingine uziache. Au: kata kati ya ya pili na ya tatu, basi.

Lakini sikuja kuwaeleza kuchagua peke yake. Nimekuja kuzungumzia kasi. Vitabu vyetu vya shule vinafundisha kasi ya mmenyuko kana kwamba kila kitu kimeyeyuka kwenye bika, molekyuli zinakutana zinavyotaka. Uzi haujayeyuka. Uzi ni kitu kigumu, chenye nje na ndani. Ndiyo maana nasema, na nitalirudia hadi mlichoke: ukipima kasi ya kuoksidisha selulosi, mara nyingi unapima mlango. Kemikali inafanya kazi yake haraka. Swali ni inafika wapi.

Nianze na hospitali.

Miaka ya 1930, katika maabara za Eastman Kodak kule Rochester, Marekani, mkemia William Kenyon na wenzake walikuwa wakipitisha gesi ya naitrojeni dioksidi kwenye pamba na shashi. Kodak ilikuwa kampuni ya filamu, na filamu ilitengenezwa kwa selulosi, kwa hiyo msishangae. Waligundua kwamba gesi hiyo inapendelea kaboni ya sita na kuigeuza kuwa kaboksili, yaani kundi la asidi. Mwaka 1942 Yackel na Kenyon wakachapisha matokeo. Jambo la ajabu ni kwamba shashi ilitoka ikiwa bado shashi. Ukiiangalia ina nyuzi zake, ina matundu yake, unaweza kuikunja. Lakini ukiitia kwenye maji yenye alkali kidogo, inayeyuka.

Aliyeona maana yake ni daktari, Virginia Kneeland Frantz wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwaka 1943 alichapisha kuhusu pamba, karatasi na shashi zinazonyonywa na mwili. Fikirieni daktari wa upasuaji wa wakati wa vita. Damu inavuja mahali ambapo huwezi kufunga uzi. Unakandamiza shashi, damu inasimama. Halafu? Ukiitoa shashi, kidonda kinafunguka tena. Ukiiacha, mwili unaikataa. Frantz akasema: tuweke shashi ambayo tunaweza kuiacha humo.

Na hapo ndipo kasi inapoingia. Ukioksidisha kidogo, shashi haiyeyuki mwilini. Ukizidisha, inakuwa dhaifu, inavunjika ukiigusa. Kiwango cha dawa cha Marekani kinataka selulosi iliyooksidishwa iwe na kaboksili kati ya asilimia 16 na 24 ya uzito. Wanafunzi, pigeni hesabu: kaboksili ina uzani wa 45, na kipande kimoja cha mnyororo kilichooksidishwa chote kina 176. Gawanyeni. Asilimia 25 na ushee. Kwa hiyo juu ya 24 umebakiza kidogo sana kufika mwisho. Mtengenezaji lazima ajue aiache shashi ndani ya gesi kwa muda gani, na hilo hulijui bila kuchora grafu ya kasi. Hakuna njia ya mkato.

Njia ya pili ya kuchagua nitaipitia haraka. Mwaka 1928 Malaprade aligundua kwamba kemikali iitwayo peryodeti inakata kiungo kati ya kaboni mbili jirani zenye hidroksili. Mwaka 1937 Jackson na Hudson wakaipeleka kwenye selulosi na wanga. Inafungua pete ya glukosi kati ya kaboni ya pili na ya tatu na kuacha aldehaidi mbili, yaani makundi yaliyooksidishwa nusu njia, kabla ya kufika kaboksili. Ni polepole, na hufanywa gizani, chupa imefungwa karatasi ya alumini, kwa sababu mwanga unaivunja peryodeti na kuzaa viini huria, yaani vipande vyenye elektroni isiyo na mwenzake, vinavyoharibu kila kitu. Nitairudia baadaye kidogo, maana kuna Waitaliano waliofanya nayo jambo zuri.

Sasa njia inayonipendeza mimi. Kuna kemikali ndogo ya rangi ya machungwa inayoitwa TEMPO. Ni kiini huria kinachotulia, kitu ambacho wengi wetu tulifundishwa kwamba hakipo. Unaweza kukinunua ndani ya chupa. Ilitengenezwa Urusi ya Kisovieti karibu na mwaka 1960, na kwa muda mrefu ilikuwa kitu cha wataalamu wachache. Mwaka 1987 Anelli na wenzake, Italia, wakaonyesha kwamba ukiiweka TEMPO kidogo pamoja na jiki na bromidi, inaoksidisha alkoholi kwa uzuri kabisa. Mwaka 1995 de Nooy, Besemer na van Bekkum kule Delft, Uholanzi, wakaipeleka kwenye wanga na jamaa zake ndani ya maji. Mwaka 1998 Akira Isogai na Kato, Tokyo, wakaipeleka kwenye selulosi.

Inafanyaje kazi? Sikilizeni mnyororo huu. Jiki, yaani sodiamu hipokloriti, inageuza bromidi kuwa hipobromiti. Hipobromiti inaichangamsha TEMPO. TEMPO iliyochangamka ndiyo inayoigusa selulosi yenyewe: inachukua hidrojeni kwenye kaboni ya sita, inaacha aldehaidi, halafu kaboksili. Imechoka, inarudi kwa hipobromiti, inachangamshwa tena. Kwa hiyo nani anayetumika na kuisha? Jiki. TEMPO na bromidi zinazunguka tu. Ndiyo maana kwa gramu moja ya selulosi unatia TEMPO milimoli 0.1, ambayo ni gramu 0.016, kiasi cha kushika kwenye ncha ya kijiko. Bromidi milimoli moja. Jiki milimoli 3 hadi 10, kulingana na unachotaka.

Na kwa nini inachagua kaboni ya sita? Kwa sababu TEMPO ina vikundi vinne vya methili vimeizunguka pale inapofanyia kazi. Kaboni ya sita imechomoza nje ya pete, inafikika. Ya pili na ya tatu zimebanwa kwenye pete. TEMPO ni mnene, haipiti.

Mmesikia? Mlango tena.

Haya, twendeni mezani. Hii sehemu nataka mwalimu yeyote aliye hapa aione kwa macho ya akili yake. Bika ina maji mililita 100 na gramu moja ya selulosi, rojo jembamba kama uji wa mgonjwa. Sumaku inazunguka chini. Kipima pH kimezama pembeni. Umetia TEMPO na bromidi, umerekebisha jiki ifike pH 10, unaimwaga. Rojo linageuka manjano kidogo. Na papo hapo, namba kwenye kipima pH inaanza kushuka. 10.0, 9.9, 9.8. Kwa nini inashuka? Kwa sababu kila kaboksili inayozaliwa ni asidi. Mkono wako uko kwenye bureti, ule mrija wenye alama za kupimia, imejaa sodiamu hidroksidi, unatia matone, unairudisha 10. Inashuka, unairudisha. Mwanzo huwezi hata kuandika. Mkono mmoja bureti, mkono mwingine saa. Baada ya muda unapata nafasi ya kuandika. Baadaye unapata nafasi ya kunywa maji. Mwishoni namba inakaa 10 imetulia, na yale manjano yamefifia, maana jiki imekwisha.

Sasa niambieni: bureti ile imekupimia nini?

Naam. Kila kaboksili moja, hidroksidi moja. Ukizalisha milimoli 1.5 za kaboksili kwenye gramu ile, na hidroksidi yako ni molari 0.5, bureti imeshuka mililita 3. Mililita 3 tu! Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu watumie bureti ndogo au wachukue gramu 10 badala ya moja. Grafu ya kasi ya mmenyuko huu wote inachorwa na bureti na saa. Huhitaji mashine ya mamilioni.

Lakini bureti ina upofu wake. Haioni aldehaidi. Hatua ya kwanza, kutoka alkoholi kwenda aldehaidi, haizai asidi, kwa hiyo bureti iko kimya wakati jiki inaliwa. Na ikitokea mmenyuko mwingine wa pembeni unaozaa asidi, bureti itauhesabu kana kwamba ni kaboksili. Kwa hiyo baada ya kumaliza unaosha nyuzi zako, unapima kaboksili upya kwa kupima upitishaji wa umeme, na unalinganisha hesabu mbili. Zikitofautiana sana, usiende kuchapisha.

Tuje kwenye grafu yenyewe. Tuseme, kwa mfano wa ubaoni, nyuzi zako zinaweza kupokea kaboksili milimoli 1.6 kwa gramu, na kila dakika 10 nusu ya nafasi zilizobaki zinajazwa. Dakika ya 10 una 0.8. Ya 20 una 1.2. Ya 30 una 1.4. Ya 40 una 1.5. Huu ni mmenyuko wa daraja la kwanza, kidato cha sita wanaujua. Ukichukua logi ya nafasi zilizobaki, unapata mstari ulionyooka.

Je, nyuzi halisi zinatoa mstari ulionyooka? Mwanzo zinakaribia. Halafu mstari unapinda. Kasi inapungua kuliko hesabu inavyosema.

Wengi wakiona mstari umepinda wanadhani wamekosea vipimo. Mimi nasema pale unapopinda ndipo habari ilipo.

Fikirieni mzigo wa kuni uliofungwa kamba, mvua ikaukuta uani. Kuni za nje zinalowa mara moja. Za katikati? Unaweza kukata kamba jioni ukakuta zimekauka kabisa. Uzi wa mmea ni mzigo wa namna hiyo. Ndani yake kuna vijiuzi vyembamba mno. Vya mbao vina upana wa nanomita 3 hadi 4. Ndani ya kila kijiuzi minyororo imejipanga kwa utaratibu, imebanana kama fuwele, TEMPO haiingii. Kinachopatikana ni uso wa nje tu, na mahali ambapo mpangilio umelegea. Na hata kwenye uso, glukosi zimepinduka kwa zamu: hii kaboni yake ya sita inatazama nje, jirani yake inatazama ndani. Kwa hiyo nusu ya kaboni za sita za usoni ndizo zinazopata kugeuzwa.

Sasa hesabu inakuja kuwa tamu. Ukijua upana wa kijiuzi, unaweza kukadiria ni kaboksili ngapi zitaingia. Kwa selulosi ya mbao inafika karibu milimoli 1.7 kwa gramu, halafu inagoma. Kwa pamba, ambayo fuwele zake ni nene zaidi, uso ni mdogo kwa kila gramu, inagoma mapema zaidi. Umeona? Dari ya grafu imekupimia unene wa kitu ambacho huwezi kukiona kwa hadubini ya shule.

Mnataka ushahidi kwamba ni mlango? Isogai alichukua selulosi iliyoyeyushwa na kugandishwa upya, kama ile ya nguo za viskosi. Glukosi ni ileile, kiungo ni kilekile, TEMPO ni ileile, jiki ni ileile. Kilichobadilika ni mpangilio tu: umelegea. Matokeo? Hakuna kugoma. Kaboni za sita zinageuzwa karibu zote, na uzi unayeyuka majini, unabaki mmumunyo. Kemia ileile, kasi nyingine, mwisho mwingine. Kuna mwenye swali hapo? Mimi sina.

Na wale Waitaliano niliowaahidi: Calvini na wenzake, miaka ya 2000, walifuatilia peryodeti kwenye selulosi wakaona grafu moja haitoshi. Wakaieleza kama mimenyuko mitatu ya daraja la kwanza inayokwenda kwa pamoja, kila mmoja na kasi yake: wa haraka kwenye sehemu zilizolegea, wa polepole kwenye uso wa fuwele, na wa tatu juu ya hiyo miwili. Mstari mmoja uliopinda, ukiutegua, unakuambia sehemu ngapi za uzi wako ni legevu na ngapi ni ngumu. Na wao walikuwa wakichunguza karatasi.

Ndugu zangu, mpaka hapa nimesema kana kwamba kusubiri hakuna gharama. Kuna gharama. Kwenye pH 10 zile aldehaidi za kaboni ya sita hazikai kimya. Alkali inazitumia kukata mnyororo pale pale zilipo. Kwa hiyo ndani ya bika moja kuna mbio mbili: kaboksili zinaongezeka, na urefu wa minyororo unapungua. Mwanzo kaboksili zinakwenda mbio kuliko ukataji. Baadaye, grafu ikishalala, kaboksili haziongezeki lakini ukataji unaendelea. Anayeiacha bika usiku kucha akidhani anaongeza faida, anapata unga. Ndiyo maana bureti ikitulia unatia ethanoli kidogo, inamaliza jiki iliyobaki, unachuja, unaosha.

Watu wa Tokyo walipata na njia nyingine mwaka 2009: pH ya kati, kati ya 4.8 na 6.8, nyuzi joto 60, wakitumia sodiamu kloriti. Hapo aldehaidi zinageuzwa mara moja, minyororo inabaki mirefu. Gharama yake? Muda. Saa nyingi, hata siku. Na chombo kifungwe, maana gesi yake si ya kuchezea. Hapo hapo niwaonye vijana: jiki na asidi havichanganywi kiholela. Kinachotoka ni klorini. Kuna watu wameipata vyooni mwao wakisafisha.

Baada ya kuoksidisha, kaboksili zimejaa usoni mwa vijiuzi, zote na chaji hasi, zinasukumana. Ukizikoroga kwa nguvu majini, mzigo unafunguka, kila kijiuzi kinaelea peke yake. Kile rojo kizito cheupe kinakuwa jeli inayopitisha mwanga kama kioo. Isogai, Saito na Nishiyama walipewa Tuzo ya Marcus Wallenberg mwaka 2015 kwa kazi hiyo.

Na haikubaki maabara. Kuna kiwanda cha karatasi cha Nippon Paper mjini Ishinomaki. Machi 2011 tsunami ilikiingia, ikajaza matope na magari na mabaki ya nyumba. Wakakisafisha, mashine zikaanza kurudi mwaka huohuo. Mwaka 2017 wakafungua hapohapo mtambo wa kutengeneza nyuzi hizi kwa njia ya TEMPO, tani 500 kwa mwaka. Zinakwenda wapi? Kwenye nepi za wazee, zikiwa zimebeba madini yanayoua harufu. Na kampuni nyingine ya Japani inatengeneza zile zinazotiwa kwenye wino wa kalamu: zikiwa zimetulia wino ni mzito, hauvuji, ukiandika, unalainika na kutiririka. Kalamu ya dukani. Mnaona umbali uliotoka bika ile?

Nimalizie na swali ambalo najua mnalo: na katani yetu? Tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoleta vichipukizi vya katani mwaka 1893, na 62 tu kati ya 1,000 vikafika vikiwa hai, Tanga imejua kamba. Katani ni selulosi kiasi cha theluthi mbili. Kwa hiyo watu wanaichukua, wanaikata, wanaitia TEMPO na jiki moja kwa moja, halafu wanashangaa: jiki imekwisha, kaboksili hazionekani. Imekwenda wapi? Kwenye lignini, ile gundi ya mmea inayoshikanisha nyuzi. Lignini inaila jiki kwa pupa kabla selulosi haijaguswa, na bureti inaweza kushuka vizuri tu ikakudanganya. Kaipikeni kwanza kwa alkali, kaisafisheni mpaka iwe nyeupe, ndipo mpime kasi. Na mkipima, pimeni mara mbili: katani iliyokaushwa na katani ambayo haijawahi kukauka baada ya kusafishwa. Ikikauka, vijiuzi vinashikana na baadhi ya milango inafungwa moja kwa moja. Chora grafu mbili kwenye karatasi moja. Tofauti kati yake ndiyo kazi ya muhula mzima kwa darasa, na vifaa ni bureti, kipima pH na saa ya ukutani.

Kwenye meza ya mlangoni nimeweka karatasi yenye vipimo vyote nilivyovitaja. TEMPO ni ghali, lakini gramu moja inatosha majaribio zaidi ya 60 ya gramu moja moja, kwa hiyo shule kadhaa zinaweza kuchangia chupa. Walimu mnaotaka kuchangia, andikeni majina kabla hamjatoka.

Asanteni. Mwalimu wa shati la bluu, nimeuona mkono wako tangu nilipotaja aldehaidi. Uliza.